Koleo Lilivunjika, Uhunzi Haukuisha

Katika pwani yetu ya Kilwa na Lindi hakuna mtu mzima asiyeijua tofauti ya kaskazi na kusi. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliteremka huku kwa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi. Kilwa Kisiwani ilitajirika kwa sababu mojawapo ni kwamba chombo kiliweza kuifikia na kurudi katika msimu wa mwaka mmoja, ilhali safari ya Sofala ilidai muda mrefu zaidi. Nahodha aliyeujua upepo mmoja tu hakuitwa nahodha. Na aliyechelewa akaachwa na upepo hakukitia moto chombo chake; alikipandisha pwani, akakikalafati, akashona tanga, akangoja.

Yafaa tuyakumbuke hayo tunapozitazama habari za kijana mmoja wa Nairobi, Collins Obuya, mchezaji wa kriketi. Kriketi haijaenea sana huku kusini, ambako jioni watoto hufukuzana na chandimu ufukweni. Lakini yaliyompata Obuya humpata seremala, mvuvi, karani na mwalimu: kusifiwa kwa kazi moja, kuhamishiwa kazi inayofanana nayo, na kugundua kwamba kufanana si kuwa sawa.

MCHEZO MMOJA, SURA TATU

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, timu mbili za watu 11 hupokezana. Upande mmoja hurusha mpira mgumu uliofunikwa ngozi. Upande wa pili huupiga kwa kibao cha mti na kukimbia ili kujipatia alama ziitwazo mikimbio. Nyuma ya mpigaji husimama vijiti vitatu, yaani wiketi. Mrushaji akiviangusha, au mpira uliopigwa ukadakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji hutoka. Mipira sita halali hufanya ova moja.

Hadi hapo ni mchezo mmoja. Ugumu huja katika muda. Iko kriketi ya siku nne au tano, ambayo haina kikomo cha ova kwa kila timu. Iko ya siku moja, ambapo kila timu hupewa ova 50, yaani mipira 300. Na iko ya ova 20, iliyoanzishwa kwa mashindano ya klabu za Uingereza mwaka 2003, ambayo humalizika kwa muda wa saa tatu hivi.

Mvuvi wa Kivinje atalielewa jambo hili upesi. Bahari ni ile ile na samaki ni wale wale, lakini anayevua kwa mshipi hahitaji mkono na subira ya anayetega dema, wala huyo si sawa na anayetupa jarife usiku. Katika mchezo wa siku nyingi mpigaji anaweza kusimama saa nzima akikataa kila mpira wa hatari, akingoja ule ulioharibika. Katika ova 50 hana budi kuchanganya subira na ujasiri. Katika ova 20 subira yenyewe yaweza kuwa kosa. Na mrushaji hali kadhalika: katika mchezo wa siku nne huenda akarusha ova 20 au 30 kwa siku moja, katika ova 50 mwisho wake ni ova 10, na katika ova 20 hupewa nne tu, mipira 24, ambayo wapigaji humngojea kama mwewe amngojeavyo kifaranga.

SIKU YA NAIROBI

Obuya alizaliwa tarehe 27 Julai 1981 katika nyumba ya wanakriketi. Kaka yake, Kennedy Otieno, na ndugu yake mwingine, David Obuya, wote wameichezea Kenya. Yeye alijichagulia ufundi mgumu kuliko wote: kuuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono, usafiri polepole, ugonge ardhi, kisha ugeuke njia ghafla. Ni ufundi unaowasumbua hata walimu wake, kwa kuwa kifundo kikichelewa kidogo tu, mpira huwa zawadi kwa adui.

Tarehe 24 Februari 2003, katika Kombe la Dunia, Kenya iliikaribisha Sri Lanka mjini Nairobi. Sri Lanka walikuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 1996. Kenya ilitangulia kupiga ikapata mikimbio 210, na Kennedy ndiye aliyeongoza kwa mikimbio 60. Kisha mdogo wake akashika mpira. Katika ova 10 Obuya alitoa mikimbio 24 tu na kuwatoa wapigaji watano, huku kaka yake akiwa nyuma ya wiketi kama mlinzi. Sri Lanka walimalizika kwa 157. Fikiri, msomaji, furaha ya mzazi anayeziona nguvu za watoto wake wawili zikikutana katika kazi moja mbele ya dunia nzima!

Kenya ilisonga hadi nusu fainali, ikafungwa na India mjini Durban tarehe 20 Machi. Ni kweli kwamba New Zealand ilikataa kusafiri hadi Nairobi na kuipa Kenya alama za bure. Lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe zilifungwa uwanjani.

UPEPO ULIPOGEUKA

Sifa hizo zilimfikisha Obuya kwenye klabu ya Warwickshire, Uingereza, mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 21. Kwa macho ya wengi mlango wa riziki ulikuwa umefunguka. Kumbe huko ndiko koleo lilikovunjika.

Tuitazame kazi aliyoikuta. Mashindano makuu ya klabu za Uingereza ni ya siku nne. Kule Nairobi wapigaji walibanwa na hesabu ya ova, hivyo walilazimika kumvamia, na katika kuvamia wakakosea. Katika mchezo wa siku nne hakuna anayelazimika kumvamia mtu. Mpigaji anaweza kukaa na kungoja. Hapo mrushaji hana budi kuuangusha mpira mahali pale pale mara mia, na bado awe na hila ya mara ya mia na moja. Isitoshe, msimu wa huko huanza wakati wa baridi na unyevu, vidole vikakakamaa, na ardhi isiyo ngumu kama ya Nairobi. Obuya akaandamwa na majeraha, mwendo wake wa kurusha ukampotea, na mkataba wake haukuendelea.

Aliporudi nyumbani, ule mpira wa ajabu haukurudi pamoja naye. Kriketi ya Kenya nayo ikaingia katika migogoro ya uongozi na malipo ya wachezaji. Mwaka 2007, katika Kombe la Dunia la kwanza la ova 20 huko Afrika Kusini, Sri Lanka ile ile iliipiga Kenya mikimbio 260 katika ova zake 20, na Kenya ikatolewa yote kwa 88. Nchi zilikuwa mbili zile zile, lakini sura ya mchezo ilikuwa nyingine, na miaka minne ilikuwa imepita bila maandalizi ya kutosha.

Hapa ndipo wengi wetu huvunjika moyo. Mtu aliyekuwa akisifiwa kwa jambo moja, jambo hilo likimtoka, huona aibu kuonekana nalo likiwa limepungua. Wengine hujificha, wengine huangukia kwenye ulevi, na wengine hukaa barazani wakisimulia siku ile moja hadi wasikilizaji wanaondoka mmoja mmoja.

KIBAO MAHALI PA MPIRA

Obuya hakuuacha mchezo. Alikuwa akijua kupiga tangu zamani, ingawa hakuna aliyemwita timuni kwa sababu hiyo. Akaufanya upigaji kuwa kazi yake. Jambo hili ni rahisi kuliandika na ni gumu kulitenda. Mrushaji akikosea mpira mmoja anao mwingine wa kujirekebisha; mpigaji akikosea mara moja hutoka uwanjani na kukaa kutwa akiwatazama wenzake. Tena alipaswa kujifunza mizani ya kila sura ya mchezo: lini akatae mpira, lini aupitishe kando, na lini auvurumishe nje ya uwanja.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana tarehe 13 Machi 2011 mjini Bangalore, India, katika Kombe la Dunia. Kenya ilikuwa na mashindano mabaya. Mechi ya kwanza ilitolewa na New Zealand kwa mikimbio 69 tu. Sasa ilikutana na Australia, waliokuwa mabingwa watetezi, nao wakapiga 324. Obuya aliingia, akakaa hadi mwisho. Katika mipira 129 alipata mikimbio 98 bila kutolewa, na pamoja na Tanmay Mishra aliyepata 72, aliifikisha Kenya 264. Kenya ilishindwa kwa mikimbio 60, wala haikushinda mechi hata moja katika mashindano hayo. Na mia ambayo kila mpigaji huitamani ilimpita kwa mikimbio miwili, kwa kuwa ova ziliisha.

Hata hivyo, watu waliomfahamu kama mrushaji wa mwaka 2003 walilazimika kumtambua upya. Mwaka huo huo wa 2011 alikabidhiwa unahodha wa timu ya taifa, akaushika hadi mwaka 2013. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na mechi nyingi zilizobaki zikawa za ova 20. Obuya, ambaye umri ulikuwa umesogea, akabadilika tena. Alistaafu mwezi Machi 2024, akiwa na miaka 42, baada ya Michezo ya Afrika iliyofanyika Ghana.

TUNACHOJIFUNZA

Msomaji aweza kuuliza, habari za kriketi zamhusu nini mfanyakazi wa bandari ya Lindi au mama anayelima mwani Songosongo? Zamhusu sana. Mkoa huu umewaona wakata katani waliobaki na mapanga mikononi bei ya katani ilipoporomoka, na wengi wao wamejifunza upya kwa korosho na ufuta. Hawakuzaliwa na ujuzi huo. Mkulima wa katani si mkulima wa ufuta kwa sababu tu wote hushika jembe, na mwenye kuhama kutoka moja hadi jingine anahitaji misimu kadhaa ya kuharibu kabla ya kupatia.

Kwa hiyo, wazazi na viongozi wa kazi, tusiwahukumu upesi vijana waliohamishwa. Fundi hodari wa karakana akipewa usimamizi akayumba mwaka wa kwanza, haina maana kwamba sifa zake za zamani zilikuwa za uongo. Mwanafunzi aliyeng'ara shule ya msingi akakwama sekondari amekutana na mchezo wa sura nyingine. Aelezwe sura hiyo kabla ya kukemewa.

Na vijana nanyi, msiridhike na ujuzi mmoja. Kama Obuya asingekuwa amejifunza kupiga hata kidogo alipokuwa mrushaji mashuhuri, asingekuwa na pa kuanzia kifundo kilipomsaliti. Ujuzi wa pili hujengwa wakati wa kwanza ungali mzima.

Nchi yetu nayo haiko nje ya mchezo huu. Watanzania walikuwemo katika timu ya Afrika Mashariki iliyoshiriki Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975, na mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la umri wao. Wapo miongoni mwao watakaong'ara mapema, na wapo ambao jambo lililowang'arisha litawatoka. Tuwaandalie mahali pa kufanyia mazoezi, na siku watakaporudi nyumbani wakiwa hawana kitu, tuwawekee nafasi jamvini wale nasi, kisha asubuhi tuwarudishe mazoezini.