Picha Mbele ya Macho ya Wenzio

Ukimwonyesha mpiga picha mwenzio picha ya mlima naye akajibu tu "nzuri", hajakusaidia. Mwaka 1932 huko California, Marekani, wapiga picha kadhaa, miongoni mwao Ansel Adams, Edward Weston na Bibi Imogen Cunningham, waliunda Kundi la f/64, jina litokanalo na tundu dogo mno la lenzi. Kipimo chao kilikuwa wazi: jiwe la karibu na kilele cha mbali vionekane bayana, wala picha isififishwe makusudi ili ifanane na mchoro. Kwa kipimo cha namna hiyo mwenzio aweza kukuonyesha kosa kwa kidole.

Chukua mbingu iliyotoka nyeupe tupu katika picha isiyo ya rangi. Mwaka 1927, mbele ya jabali la Half Dome, Adams alitia kioo cha manjano mbele ya lenzi, kisha chekundu. Mbingu ikawa karibu nyeusi, jabali likajitokeza kwa haiba. Basi mkosoaji mwema huuliza: ulitumia kioo gani? Jua lilikuwa wapi?

Hata hivyo, kipimo hicho kina ufinyu wake. Asubuhi katika vilima vyetu ukungu ndio mandhari yenyewe, na majani ya bondeni yasipoonekana mpiga picha hana kosa.