UZI: Mwanafunzi akiuliza mambo ya bajeti, je, hiyo ni siasa?

1/ Msimu wa kampeni ukikaribia hapa Turkana, kuna sentensi mbili utazisikia jukwaani. Ya kwanza: "Vijana wajitolee kusafisha mji wao." Ya pili, dakika tano baadaye: "Wanafunzi waachane na siasa, warudi darasani." Zote mbili zinapigiwa makofi. Mimi ni mwalimu. Nimefundisha Lodwar, sasa niko Kakuma. Wacha niwaeleze mbona hizo sentensi zinagongana. Sitataja chama wala mtu.

2/ Kwanza, kujitolea kwa wanafunzi si jambo la hiari tena. Kwa mtaala wa sasa kuna CSL, yaani kujifunza kwa kuhudumia jamii. Ni somo la lazima sekondari ya juu, ambapo kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mwanafunzi anatakiwa atambue shida iliyo kwa jamii yake, aichunguze, afanye kitu, kisha atafakari alichojifunza. Soma hiyo orodha polepole. Kufagia ni kipande kimoja tu. Kuchunguza maana yake ni kuuliza maswali.

3/ Hili nililijua kwa aibu. Nikiwa Lodwar, Jumamosi moja tulitoka na wanafunzi, reki mkononi, tukasafisha upande mmoja wa soko. Tulijaza magunia, tukapiga picha. Mama mmoja muuza samaki akaniuliza, "Mwalimu, mkimaliza kuokota, nani anabeba?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimepanga na mtu yeyote. Mbuzi walifika kwa yale magunia kabla ya gari lolote. Kufikia Jumatano chupa zilikuwa zimerudi chini. Kosa lilikuwa langu: niliwafunza watoto kuokota, sikuwafunza kuuliza swali la yule mama.

4/ Jibu lake liko kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Elimu ya msingi na ya sekondari ni kazi ya serikali ya kitaifa. Chekechea, uzoaji taka, maji na barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Barabara kuu ni za kitaifa. Kwa hivyo darasa liko chini ya serikali moja, na taka iliyo nje ya lango iko chini ya nyingine. Ukiskia mtu jukwaani akisema "serikali haijafanya", muulize: gani? Nusu ya kelele za kisiasa ingeisha hapo.

5/ Wazazi wengine huniambia, "Mwalimu, hii si ni kazi ya bure? Tunalipa ushuru halafu watoto wetu wafagie?" Hoja yao ina uzito. Huduma ya wanafunzi ikichukua nafasi ya kazi iliyo na bajeti, hiyo ni kazi ya bure kweli. Lakini watoto wakifagia wakihesabu magunia, wakiandika yanatoka wapi na yanakaa siku ngapi, wametengeneza ushahidi ambao mkazi yeyote anaweza kupeleka mbele ya wanaopanga pesa.

6/ Sasa twende Kakuma. Huku shida ya wanafunzi wangu haikuwa taka, ilikuwa laga. Mvua ikinyesha mbali huko juu, Tarach inaweza kujaa hapa kwetu jua likiwaka. Aliye ng'ambo anabaki ng'ambo. Wanafunzi walichukua rejista ya darasa, wakaweka alama kila siku ambayo mtu alikosa masomo kwa sababu ya maji. Wakauliza hiyo njia ya kuvuka ni ya nani, kaunti au taifa. Kisha wakaandika ombi kwa bunge la kaunti, kurasa mbili, kwa mkono.

7/ Darasa langu lina watoto wa Kiturkana na watoto wa kambini. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, kwa hivyo kuna mkimbizi aliyezaliwa hapa na hajui kwingine. Msichana mmoja, ambaye ndiye aliyehesabu zile siku zote, alikuja kutia sahihi. Nikamwambia, "Wewe ngoja. Nyinyi si wapiga kura, hii itatuletea maneno." Akarudisha kalamu mezani, akaenda kukaa. Hakubishana.

8/ Jioni nikaamua kusoma sheria yenyewe. Katiba, Kifungu cha 37: haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma ni ya KILA MTU. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15: MTU ana haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Haikusema raia, haikusema mpiga kura, haikusema umri. Mahali Katiba inataka raia, inasema wazi: Kifungu cha 38 cha haki za kisiasa, na cha 35 cha kupata habari zilizo kwa serikali. Kupiga kura ni kwa raia aliyetimiza miaka 18. Kusema "maji yananizuia kufika shule" ni kwa yeyote.

9/ Kesho yake nilimwomba msamaha mbele ya darasa, maana nilikuwa nimemkataza mbele ya darasa. Ametia sahihi. Lakini na wewe usikurupuke: kabla ya kupeleka ombi, uliza ofisi ya karani wa bunge utaratibu wa sahihi, hasa kwa wasio na kitambulisho, na muwe na watu wazima wanaosimama nanyi.

10/ "Lakini mwalimu, si hiyo ndiyo siasa?" Mpaka uko hivi. Mwanafunzi akivalishwa fulana ya mgombea, akipangwa barabarani kumwimbia mgeni, akiambiwa nani achaguliwe na wazazi wake, huyo ametumiwa. Mwanafunzi akiuliza njia imepangiwa pesa au la, huyo anajifunza uraia. Ajabu ni kwamba ile ya kwanza huwa hatuiiti siasa. Tunaiita "kukaribisha wageni".

11/ Walimu, angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na kufikia hapo mambo mengi yameshapangwa. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti unatakiwa ufike bungeni kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Mwelekeo wa bajeti ni kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe, 30 Aprili. Ukifanya mradi wako Juni ili upate picha, umechelewa. Kusanya ushahidi muhula wa pili, upeleke mapema.

12/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme vijana wajitolee, mpigie makofi. Ni maneno mazuri. Halafu inua mkono, umuulize kama yule mama wa samaki: wakimaliza kuokota, nani anabeba, na pesa zake ziko kwa ukurasa gani wa bajeti? Akikasirika, utakuwa umejua kitu.

Mwisho wa uzi. Kama shule yenu imewahi kupeleka ombi kwa bunge la kaunti yenu, tuambie hapa chini ilikuwaje. Darasa langu litasoma majibu yenu.