Miguu Inayogoma Kwenye Mteremko

Asubuhi, hapa Bukavu, ukipanda kutoka ziwani kuelekea soko la Kadutu, unapishana na akina mama waliobeba mihogo, makaa na ndizi. Kamba imepita kwenye paji la uso, mzigo umelala mgongoni, na mwili wote umeinama mbele. Kati yao wapo waliokwisha kuvuka miaka 50, na baadhi ni bibi wenye wajukuu. Mwenye ugonjwa ninaouandika leo atakueleza jambo la kushangaza: kupanda na mzigo anaweza. Kinachomshinda ni kushuka mikono mitupu. Akifika katikati ya mteremko miguu inakufa ganzi na mapaja yanawaka, na inabidi achuchumae kando ya njia. Baada ya dakika chache maumivu yanaisha, anainuka, anaendelea, kisha yanarudi.

Majirani husema amekanyaga dawa, au kwamba ni uzee. Uzee kweli umo ndani yake. Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Miaka ikisonga, diski hubonyea, vifundo vya mifupa huota vinundu, na utando unaoshikanisha pingili kwa nyuma huwa mnene, hadi mfereji unafinyika. Mtu akisimama wima au akishuka mlima, kiuno hujipinda nyuma na nafasi huzidi kupungua. Akiinama au akiketi, mfereji hufunguka kidogo na mishipa hupumua. Ndiyo maana mzigo wa kamba, pamoja na uzito wake wote, unaweza kuuficha ugonjwa huu kwa miaka. Henk Verbiest, daktari mpasuaji wa Utrecht huko Uholanzi, aliueleza vizuri mwaka 1954, na mpaka leo maelezo ya mgonjwa mwenyewe yana thamani kuliko mashine nyingi.

Daktari makini huuliza kwanza: maumivu yanapoa ukisimama tu, au mpaka uketi? Mwenye mishipa ya damu iliyoziba hupata nafuu kwa kusimama tu, ilhali huyu wetu lazima aketi au ainame. Kisha daktari hugusa juu ya mguu kutafuta mapigo ya damu, na humwambia mgonjwa atembee kwa visigino ili aone kama nguvu zimepungua. Haya yote yanaweza kufanyika hata katika kituo cha afya kisicho na umeme.

Kwetu Kivu lazima kwanza kuondoa shaka ya kifua kikuu cha mifupa. Homa za jioni, kukonda, maumivu yasiyomwacha mtu hata akilala, au kinundu kinachojitokeza mgongoni, vinataka uchunguzi wa haraka. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure Kongo, na mwenye ugonjwa huo hapaswi kukandwa hata siku moja.

Kwa mfereji uliofinyika, wengi huanzia famasia ya mtaani na sindano ya diklofenaki. Inatuliza, lakini kuichoma wiki baada ya wiki kunaumiza tumbo na figo, hasa kwa mwenye presha. Mfereji nao unabaki vilevile. Sindano ya kortizoni inayochomwa mgongoni, karibu na mishipa yenyewe, ina sifa kubwa kuliko kazi yake. Utafiti wa Marekani wa wagonjwa 400, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba baada ya wiki 6 kuongeza kortizoni kwenye dawa ya ganzi hakukuleta tofauti ya maana. Kabla ya kuuza mbuzi ulipie sindano hiyo, fikiri mara mbili.

Kinachostahili kujaribiwa kwanza, na kwa bidii, ni kine, yaani tiba ya mazoezi. Mgonjwa hulala chali, huvuta magoti yote mawili kifuani, hushikilia, huachia, hurudia. Huimarisha misuli ya tumbo na makalio, hutembea vipande vifupi na kuketi kabla maumivu hayajamkamata, na baiskeli ya mazoezi humfaa kwa sababu anaiendesha ameinama. Heri Kwetu, kituo kinachojulikana mjini kwa kuhudumia watu wenye ulemavu, ni mlango mmoja wa kubisha. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2015, watafiti wa Marekani walilinganisha upasuaji na mazoezi kwa watu 169 ambao tayari walikuwa wamekubali kupasuliwa. Baada ya miaka 2, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Ila asilimia 57 ya waliopangiwa mazoezi waliishia kupasuliwa, kwa hiyo mtu asiuchukue utafiti huo kama cheti cha kukataa kisu.

Upasuaji una nafasi yake. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, mpasuaji hufungua ngozi ya kiuno, husogeza misuli, huondoa sehemu ya mfupa ulio paa la mfereji pamoja na utando mnene chini yake, mpaka mishipa ionekane imelegea. Unasaidia maumivu ya miguu kuliko yale ya kiuno. Wapo wanaoshauriwa pia kufungiwa vyuma na skrubu ili pingili ziunganishwe, nyongeza ya gharama kubwa. Katika utafiti wa Uswidi uliotolewa mwaka 2016, wagonjwa 247 walifuatiliwa, na waliounganishwa pingili hawakuwa na hali bora kuliko waliofunguliwa mfereji peke yake. Familia ina haki ya kumuuliza daktari: vyuma hivi ni vya nini?

Picha ya IRM (MRI), inayoonyesha mfereji na mishipa ya ndani, nayo ina wakati wake. Watu wengi wenye miaka zaidi ya 60 wana mfereji mwembamba kwenye picha na hawaumwi popote. IRM ni ya kumwongoza mpasuaji. Kwa anayehitaji picha hiyo au kisu, safari nayo imekuwa ngumu: tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, benki zilifungwa na ndege za abiria zikaacha kutua uwanja wa Kavumu, hivyo Kinshasa imekuwa mbali zaidi. Wenye uwezo huvuka mto Ruzizi, wakapita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, kwenye hospitali kama King Faisal. Safari hiyo ni ya aliyejaribu kine kwa miezi na bado hawezi kufika sokoni, au ambaye miguu yake inazidi kupoteza nguvu.

Yupo mgonjwa asiyeruhusiwa kungoja hata siku moja. Mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, choo kikimponyoka, sehemu za siri zikifa ganzi, miguu ikilegea ghafla: aende hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, hata kwa mkopo. Kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kupona.

Wauguzi na madaktari pia nina neno nao. Kumwambia mama wa kamba “pumzika, usibebe kizito” bila kumuuliza anakula nini ni kumpa dawa isiyouzwa popote. Analipwa kwa mzigo. Apangiwe basi: mizigo miwili midogo badala ya mmoja mkubwa, kipande cha kushukia chenye vituo vya kuketi, mazoezi ya alfajiri kabla ya kutoka. Akipasuliwa, aelezwe mapema kwamba kazi ya kamba itakoma kwa miezi, ili watoto na kikundi chake cha likelemba, cha kuchangiana fedha kwa zamu, wajue watamshikilia vipi.