Fahamu: Mdudu anayebeba maiti za sisimizi mgongoni

Kandokando ya Ziwa Victoria yupo mdudu mdogo anayetembea na furushi la maiti mgongoni. Wataalamu humwita Acanthaspis petax. Ni miongoni mwa aina takriban 7,000 za wadudu wauaji, jamaa wa mbali wa kunguni.

Silaha yake ni mdomo mgumu uliochongoka, ambao huukunja chini ya kichwa akiwa ametulia. Akimkamata sisimizi, humdunga na kumwingizia mate yenye sumu. Mate hayo humpooza sisimizi na kuyeyusha nyama zake za ndani, kisha mdudu humfyonza hadi libaki gamba tupu. Gamba lenyewe halitupwi. Mdudu mchanga, ambaye bado hajaota mabawa, hulibandika mgongoni kwa ute unaonata, juu ya tabaka la vumbi. Anaweza kubeba hata sisimizi 20 kwa mara moja, furushi likamzidi ukubwa yeye mwenyewe.

Kwa nini ajitwike mzigo wote huo? Adui yake mmoja ni buibui arukaye, ambaye huwinda kwa macho. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007, buibui hao waliwashambulia wadudu waliovuliwa furushi takriban mara kumi zaidi ya wale waliolibeba. Umbo la windo likifichika, buibui hamtambui. Ni ulinzi wa ajabu kweli kwa kiumbe mdogo kiasi hicho.

Wadudu wauaji hula pia viwavi wanaoharibu mazao. Ukimwona mmoja shambani, mwache aendelee na kazi yake, ila usimshike kwa mkono mtupu: akikudunga, maumivu yake ni makali.