Salaita: Kilima cha Taveta na jina lililozua hadithi ya machinjo

WASAFIRI wanaotoka Voi kuelekea Taveta hupita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni kabla ya kufika mahali ambapo kilima kimoja kisicho kirefu kimechomoza peke yake katikati ya nyika ya vichaka vya miiba. Kilima hicho ni Salaita. Hakina theluji kama Mlima Kilimanjaro unaoonekana kwa mbali anga inapokuwa safi, wala misitu kama ile ya milima ya Taita. Umaarufu wake umetokana na siku moja tu, Februari 12, 1916, na jina lake.

Aulizwaye maana ya jina hilo katika sehemu hizo aghalabu hutoa jibu moja: kwamba limetokana na neno la Kiingereza ‘slaughter’, yaani machinjo. Inasimuliwa kuwa majeshi ya Waingereza yalipata kipigo kikali hapo hata wakapaita mahali pa machinjo, nao wenyeji wakalitamka neno hilo jinsi ndimi zao zilivyoweza, likawa Salaita.

Maelezo hayo yanavutia na yamerudiwa mara nyingi na wanaowaongoza watalii. Hata hivyo, yanapopimwa kwa tarehe za vita na kwa sauti za lugha, yanakumbana na vikwazo ambavyo si rahisi kuvikiuka. Na mtu akivifuata vikwazo hivyo hadi mwisho, huishia kwenye swali kubwa zaidi: ni majina ya nani yaliyohifadhiwa katika nyika hiyo, na ni ya nani yaliyopotea?

VITA VYA WAGENI

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, Taveta ulikuwa mji wa mpakani kama ulivyo leo. Upande mmoja ilikuwa milki ya Uingereza ambayo baadaye iliitwa Kenya, na upande wa pili Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania Bara ya sasa. Kabla ya mwezi huo kwisha, Wajerumani walikuwa wameutwaa mji. Kutoka hapo vikosi vyao vidogo vilikuwa vikivuka nyika na kutega baruti kwenye reli ya Mombasa kwenda Uganda, ambayo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa utawala wa Waingereza.

Ili kuwafukuza, Waingereza walianza mwaka 1915 kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta. Kwa kuwa nyika hiyo haina maji ya kutosheleza jeshi, walilaza pia bomba la maji kutoka milima ya Bura. Mwanzoni mwa 1916 walikuwa wamefika Mbuyuni. Mbele yao kilisimama Salaita, takriban kilomita 12 mashariki mwa Taveta, kikiwa kimezungukwa na mahandaki ya Wajerumani.

Asubuhi ya Februari 12, Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson alipeleka huko askari wapatao 6,000. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Brigedi ya Pili ya Afrika Kusini, ambao walikuwa wamewasili Afrika Mashariki majuma machache tu yaliyotangulia na hawakuwa wamewahi kupigana katika vichaka vya aina hiyo. Mizinga ya Waingereza ilielekezwa kileleni, ilhali mahandaki yaliyokuwa na watu yalichimbwa chini kabisa, penye vichaka. Wajerumani, wakiongozwa na Meja Georg Kraut, walikuwa wachache kwa mbali na wengi wa wapiganaji wao walikuwa askari Waafrika. Walingoja hadi adui alipokaribia, wakafyatua risasi, kisha wakatoka kumshambulia kwa ubavuni.

Brigedi ya Afrika Kusini ilirudi nyuma kwa vurugu. Kilichoiokoa isiangamie ni kikosi cha 130 cha Baluchi kutoka Bara Hindi, ambacho kilisimama imara na kuwazuia Wajerumani. Waliouawa, kujeruhiwa au kupotea upande wa Waingereza walikuwa takriban 170, na zaidi ya 130 kati yao walikuwa Waafrika Kusini.

Kuna kisa kilichohifadhiwa katika historia za vita hivyo kinachohusu majina vilevile. Kabla ya siku hiyo, askari weupe wa Afrika Kusini walikuwa na mazoea ya kuwaita Wahindi ‘makuli’. Katika Kiswahili cha pwani, kuli ni mchukuzi wa bandarini anayejipatia riziki yake ya halali. Afrika Kusini neno hilo lilikuwa tusi. Inaelezwa kwamba baada ya vita, Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini bombomu waliloliacha walipokimbia, pamoja na ujumbe wa heshima wenye kuomba kwamba tangu siku hiyo wasiitwe tena makuli.

Salaita chenyewe hakikutekwa kwa mapigano. Jenerali Jan Smuts, aliyewasili siku chache baadaye kuchukua uongozi wa majeshi ya Uingereza, aliwazunguka Wajerumani kwa kaskazini kupitia Ziwa Chala. Waingereza walipofika kilimani Machi 9, 1916, waliyakuta mahandaki matupu.

TAREHE NA SAUTI

Kikwazo cha kwanza cha hadithi ya machinjo ni tarehe. Katika masimulizi ya kijeshi ya Waingereza, Salaita hutajwa kwa jina hilo kama ngome ya Wajerumani iliyokuwa ikisubiri kushambuliwa. Smuts naye, katika ripoti aliyoiandikia serikali yake mwezi Aprili 1916, alilitumia jina hilo kama jina la kawaida la mahali, bila kudokeza kuwa ni geni. Tena ripoti hiyo ilikipunguza makali kipigo chenyewe: ilisema kuwa shambulio lilikuwa la kupeleleza nguvu za adui na kwamba Waafrika Kusini walipata mafunzo ya thamani. Ni vigumu kuamini kwamba makamanda waliokuwa wakijitahidi kufunika aibu yao ndio hao hao waliopachika neno ‘machinjo’ kwenye ramani zao katika muda wa wiki chache.

Wajerumani nao walikuwa na jina lao. Kamanda wao mkuu, Paul von Lettow-Vorbeck, alikiita kilima hicho Oldorobo katika kumbukumbu alizoziandika baada ya vita. Jina hilo lina mlio wa Kimaasai, lugha ambayo majina yake mengi huanza na kiambishi ‘ol’. Kwa hiyo wageni wawili waliokuwa wakigombea kilima kimoja hawakuafikiana hata juu ya jina lake.

Kikwazo cha pili ni sauti. Ni kweli kwamba wasemaji wa lugha za Kibantu hupenda kutia irabu kati ya konsonanti mbili zinazofuatana. Ndiyo maana ‘glass’ ikawa gilasi. Kwa kanuni hiyo, ‘slaughter’ ingeweza kuanza kwa ‘sila’ au ‘sala’. Lakini irabu inayofuata katika neno hilo la Kiingereza hutamkwa kama ‘o’ ndefu, wala si ‘ai’. Neno ‘quarters’, lenye sauti hiyo hiyo, limeingia katika Kiswahili kama kota. ‘Order’ ikawa oda. Kwa mkondo huo, mtu aliyelisikia neno ‘slaughter’ likitamkwa na askari angelitoa kama ‘silota’ au ‘salota’. Kufika ‘Salaita’ kunahitaji mtu aliyelisoma neno hilo herufi kwa herufi, na nyika ya Taveta ya mwaka 1916 haikuwa mahali ambapo maneno ya Kiingereza yaliwafikia wenyeji kwa kusomwa.

Wanaisimu wanaujua vyema mwenendo huu. Jina ambalo asili yake haifahamiki tena hupewa maana mpya na watu wanaoishi nalo, na maana hiyo hutafutwa katika tukio kubwa lililotendeka hapo. Kilimanjaro kwenyewe, kulikojaa maelezo yanayopingana kuhusu jina lake, ni mfano ulio karibu.

MIFANO YA KWELI

Hata hivyo, haifai kuwacheka wanaoisimulia hadithi ya machinjo, kwa sababu vita hivyo hivyo viliacha maneno mengine ambayo asili yake ya Kiingereza haina shaka. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yote mawili yametokana na ‘Carrier Corps’, kikosi cha wapagazi Waafrika. Askari wa ‘King’s African Rifles’ walijulikana kama askari wa keya, kutokana na herufi za kwanza za jina la kikosi chao. Aliyezoea kuyasikia majina hayo hana budi kudhani kwamba Salaita nalo ni la ukoo huo.

Mfano mwingine uko Taveta kwenyewe. Si kila mgeni aliyefika sehemu hizo alikuwa mpita njia. Ewart Grogan, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1874, alijipatia sifa kwa safari yake ya kuvuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo, iliyokamilika mwaka 1900. Baadaye alihamia Kenya, akawa mmoja wa walowezi wenye sauti kubwa zaidi na mwenye sifa mbaya pia: mwaka 1907 alifungwa mwezi mmoja kwa kuwachapa viboko Waafrika hadharani jijini Nairobi. Baada ya vita alijipatia mashamba makubwa ya mkonge karibu na Taveta, na katika miaka ya 1930 akajijengea juu ya kilima jumba ambalo hadi leo huitwa kasri la Grogan.

Grogan alikuwa hodari wa kuchagua majina. Nyumba yake ya Nairobi aliipa jina Chiromo, kwa kukumbuka mahali alipopitia huko Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Leo Chiromo ni bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Mkewe Gertrude alipofariki mwaka 1943, alimkumbuka kwa hospitali ya watoto iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1947 na ambayo bado ina jina lake. Lakini kilima cha kasri lake huko Taveta kinajulikana kama Girigan, na hilo hufasiriwa kuwa ni ‘Grogan’ lilivyotamkwa na wenyeji. Hapa kanuni ya sauti inakubali bila shida: irabu imetiwa kati ya konsonanti mbili za mwanzo, kama ilivyo katika gilasi. Majina aliyoyachagua mwenyewe yalikuwa ya kumbukumbu na mapenzi. Lile la kilima likawa katika midomo ya wafanyakazi wa mkonge na majirani zao. Grogan alifariki Cape Town mwaka 1967. Kilima kikabaki na jina.

WASIO NA MAJINA

Jambo ambalo hadithi ya machinjo imelifanya kwa uaminifu ni kuikumbusha jamii kwamba watu walikufa hapo. Tatizo ni kwamba inawakumbuka baadhi tu. Waliokufa katika hadithi hiyo ni askari wa Uingereza, na hasa vijana weupe waliotoka mbali wakaanguka ugenini. Majina yao yamechongwa katika mawe. Makaburi ya kijeshi ya Taveta na Voi yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi.

Wapagazi hawakupata heshima hiyo. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubeba risasi, unga, maji na majeruhi katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, utapiamlo na uchovu badala ya risasi. Sanamu tatu zilizosimama katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi, mojawapo ikiwa ya mpagazi, ziliwekwa kuwakumbuka kwa jumla, bila majina.

Mwaka 2021, kamati maalumu iliyoundwa na tume hiyo ilikiri jambo ambalo Waafrika wamelisema kwa muda mrefu. Ripoti yake ilieleza kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo, wengi wao wakiwa Waafrika na Wahindi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao wa Ulaya. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi na kuanza kazi ya kutafuta majina, pamoja na Kenya.

Kazi hiyo inaipa Salaita uzito mpya. Kaunti ya Taita Taveta ina viwanja vya vita ambavyo wageni wengi husafiri kutoka mbali kuja kuviona, na ni haki waelezwe hadithi ya jina la kilima kama wenyeji wanavyoisimulia. Lakini ni haki pia waambiwe kwamba jina hilo lilikuwapo kabla ya risasi za Februari 1916, na kwamba reli ya Voi, bomba la Bura na mizinga iliyovurumishwa kilimani visingefika hapo bila Waafrika waliokata vichaka, waliochimba na waliobeba. Wajukuu na vitukuu vya watu hao bado wako Taita, Taveta, Ukambani na pwani. Katika baadhi ya nyumba zao, huenda jina la babu aliyekwenda ‘Kariakoo’ asirudi bado linatajwa pale mtoto anaporithishwa jina.