Je, Wajua? Maana ya Dhambi, na Kitubio cha Baraka

Neno dhambi limetoka Kiarabu, lakini Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kiyunani, hutumia zaidi neno hamartia, ambalo asili yake ni kukosa shabaha, kama mkuki uliorushwa ukapita kando ya windo. Ndiyo maana dhambi, katika imani ya Kikristo, haiishii kwenye kuvunja amri, bali ni mtu kulikosa lile aliloumbiwa, yaani kumpenda Mungu na jirani. Kanisa Katoliki huita dhambi ya mauti ile iliyo na jambo zito, iliyotendwa kwa kujua na kwa hiari, na huiondoa kwa kawaida katika kitubio, sakramenti ambamo mwamini huungama mbele ya padri.

Ni katika kazi hiyo ya kuungamisha ambapo Padri Luigi Carrara, Mwitaliano wa Shirika la Waksaveri, alikutwa na waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo, kanisani Baraka, mashariki mwa nchi hiyo kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 28 Novemba 1964. Alipomwona Bruda Vittorio Faccin, mwenzake wa shirika hilo, amekwisha kuuawa, alipiga magoti karibu naye, naye akauawa papo hapo. Inagusa moyo kwamba saa yake ya mwisho aliitumia kuwaondolea wengine dhambi. Siku hiyohiyo, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, Mkongo. Wote 4 walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, bila kudaiwa muujiza, kwa kuwa mfiadini, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, hahitaji muujiza ili kufikia daraja hiyo.