Mkulima wa Chini ya Bahari

Sogea, mpwa wangu, tukae hapa barazani. Leo umeniuliza swali zuri mno: "Mjomba, shamba likiharibika hulimwa, likapandwa upya. Na chini ya bahari pakiharibika, nani hupapanda?"

Wapo wanaopapanda. Kazi yao huitwa ikolojia ya bahari. Usiliogope neno hilo. Fikiria ua wa nyumba yenu. Nani anaishi na nani? Nani anamlisha nani? Na nani akihama, wote wanalala njaa? Kuyajua hayo, lakini majini, ndiyo ikolojia ya bahari.

Twende Gazi, pwani ya kusini ya Kenya. Maji ya bamvua yakitoka, ghuba yote inabaki kijani. Inama. Unasikia? Nyasi zinazungumza.

"Sisi si mwani," zinasema. "Mwani hauna mizizi ya kweli. Sisi tuna mizizi. Sisi tuna maua. Sisi tuna mbegu."

"Maua chini ya maji?" unauliza.

"Chini ya maji hayo hayo! Mashina yetu hutambaa mchangani, yakashonana kama ukili wa mkeka. Ndiyo maana mawimbi hayauchukui mchanga wote. Tasi hula kwetu. Kasa hula kwetu. Nguva hula kwetu. Watoto wa changu hujificha kwetu."

"Basi pale palipoharibika, nani aliwaua wenzenu?"

Hapo zinanyamaza kidogo. Kisha zinasema: "Juya lililoburutwa. Nanga iliyotupwa. Udongo ulioletwa na mvua kutoka bara, ukatuzibia jua."

Na kwengine, kama upande wa Diani na Chale, nyasi ziligugunwa na wanyama wa duara wenye miiba, wale wanaokuchoma mguu. Walizidi mno. Kwa nini walizidi? Kwa sababu kikande, samaki anayewala wanyama hao, naye alivuliwa sana. Unaona? Mmoja amehama uani, na wengine wanalala njaa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Mtaalamu hakimbilii kupanda. Chungu kikivuja, utakaa kutwa nzima ukikijaza maji? Utaziba ufa kwanza. Naye kwanza hutafuta kilichoziua nyasi. Juya bado linapita? Basi azungumze na wavuvi, wakubaliane, ndipo apande. Na wavuvi hao ndio wanaojua nyasi zilikuwa wapi zamani.

Kisha huzama na fremu ya mraba, sentimita 50 kila upande. Huiweka chini, akahesabu mashina. Huisogeza, akahesabu tena. Huisogeza, akahesabu tena.

"Huandika kwa kitu gani huko majini, Mjomba?"

Hongera, wengi hawaulizi hilo! Kwa penseli ya kawaida, juu ya kibao cha plastiki. Wino huoshwa na maji, penseli haioshwi.

Kupanda kwenyewe ni kazi ya mikono. Vipando huchukuliwa kidogo kidogo kwenye shamba zima, lisije nalo likawa na kidonda. Mchanga ukiwa hautulii, hutandazwa magunia, yaushike mpaka mizizi ijimudu. Gunia huoza taratibu. Vipando vyote huota? Hapana. Vingine hung'olewa na mawimbi, na watu hurudi wakapanda tena.

"Lakini Mjomba, imewahi kufaulu kweli?"

Imefaulu. Katika ghuba za jimbo la Virginia, Marekani, ndugu wa nyasi zetu waliisha miaka ya 1930 kwa ugonjwa na tufani. Ghuba zikakaa uchi miaka mingi. Kisha watafiti wakaanza kusia mbegu. Walisia kwa takriban miaka 20, zaidi ya mbegu milioni 70. Leo kuna zaidi ya hekta 3,500 za nyasi. Mbegu moja, ndogo kama punje ya mchele!

Ukiitaka kazi hii, penda biolojia na kemia, na hisabati usiikimbie, maana umeona wanavyohesabu. Jifunze kuogelea, halafu kuzamia. Zanzibar iko Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mombasa iko taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Wasichana nao wanazama huko, usidanganywe na mtu.

Lakini usingoje chuo. Bamvua ijayo, nenda ufukweni na mtu mzima. Vaa viatu. Pita kwenye mchanga mtupu, nyasi usizikanyage. Funga vijiti vinne viwe mraba, uuweke chini, uhesabu mashina. Andika tarehe na idadi, kwa penseli. Kisha uniletee karatasi hiyo hapa barazani.